Wimbo Mmoja wa Wietske

Mtu mwenye akili zake akienda kusomea muziki huchagua piano. Wietske Brandsma alichagua fidla ya magoti, chombo cha mababu kisicho na mguu wa kusimamia. Unakibana katikati ya miguu kama mbuzi mkorofi, na nyuzi zake ni utumbo wa kondoo. Mama yake alilia. "Mwanangu, waliokuwa wakiipigia makofi hiyo walishakufa zamani." Wietske akajibu, "Basi hawatalalamika."

Kazi ipo, ila imetawanyika. Leo harusi Groningen, kesho anafundisha wastaafu Zwolle, keshokutwa yumo kwenye treni anakula mkate wa jana. Neema hushuka kabla ya Pasaka, maana hapa Uholanzi karibu kila kijiji huimba Mateso ya Yesu, hata kama wenyeji hawajaonekana kanisani tangu Pasaka iliyopita. Na katika uimbaji huo wote mrefu, fidla ya magoti ina wimbo mmoja. Mmoja tu. Muda uliobaki Wietske hukaa kimya, nami niko kando yake kwenye kinanda kidogo cha mabomba, tunapeana peremende.

Sasa kiongozi wetu wa kwaya, Sjoerd, akaanza chokochoko. Kwenye mazoezi alimwambia mbele ya watu, "Dada Wietske, wimbo wenyewe mmoja, hata selo ya kisasa, ile fidla kubwa, inauweza. Ukinitia aibu tena Ijumaa Kuu hii, mwakani usije."

Mwaka uliotangulia alisinzia. Sikatai, alisinzia na akakoroma. Lakini kumfukuza Wietske katika kanisa la kijiji chao, alikobatizwa, ni roho mbaya, na nilimwambia Sjoerd hivyo hivyo. Akaniambia nishughulike na kinanda changu.

Ijumaa Kuu Wietske aliingia mbio kutoka stesheni, mashavu mekundu. Akaketi, akagusa uzi mmoja, kisha akanigeukia.

"Jelmer, hebu nipe sauti yako."

Nikabonyeza. Yake ilikuwa chini, tena chini hasa.

"Jana nilipiga muziki wa Kifaransa," akanong'ona.

Sisi wa vyombo vya kale hatuna kimo kimoja cha sauti. Muziki wa Wafaransa wa zamani tunaupiga chini, wa Wajerumani juu kidogo, kwa hiyo nyuzi tunazilegeza na kuzikaza kufuata kazi. Alilegeza kwa ajili ya jana, akasahau kukaza. Na utumbo wa kondoo hautaki pupa: ukiukaza ghafla, unalegea tena au unakatika.

"Una uzi wa akiba?"

"Nimeuacha Hague."

Sjoerd akainua mikono, tukaanza.

Afadhali kwaya yetu ni ya wafugaji wa ng'ombe, watu wenye mapafu. Kila walipopaza sauti kudai Yesu asulubiwe, Wietske aliinama akazungusha kidogo kigingi cha kukazia uzi, nami nikampenyezea sauti ya kinanda aifuate. Wakinyamaza, anakaa wima, mpole, utadhani hajawahi kukosa maishani. Wakinguruma, anazungusha tena. Sjoerd alitukazia macho, Wietske akamtabasamia. Siku hiyo usingizi ungeanzia wapi?

"Uzi wa juu unalia," aliniambia zamu yake ilipokaribia.

"Uache ulie. Usikatike tu."

Wimbo wake ukafika. Vidole vyangu vilipiga, lakini pumzi nilikuwa nimeisahau. Wanaosema huzuni haina utamu hawajamsikia Wietske. Fidla ilisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anasimulia. Bibi Akke wa kiti cha mbele, ambaye kila mtu anajua huja kuota joto, alivua miwani akaifuta. Sjoerd mwenyewe aliacha kupunga mikono, akasimama anasikiliza. Nilimwonea fahari rafiki yangu. Upinde ukafika kwenye noti ya mwisho, ukatua.

Ijumaa Kuu kwetu hatupigi makofi. Kanisa zima likawa kimya. Katika kimya hicho uzi wa juu ukakatika ta, ukamchapa Wietske shavuni.

"Amina," akasema Bibi Akke, kwa sauti.

Wafugaji wote wakaangalia sakafu, wakibana kicheko. Mabega ya Sjoerd yakaanza kutikisika, na ilibidi asubiri kidogo kabla ya kuinua mikono tena. Lakini kwanza aliinama upande wetu.

"Mwakani, dada," akamnong'oneza Wietske, "uje na nyuzi mbili."