Chupa ya Tatu Chini ya Kitanda Changu

Tangu niolewe hapa Sudi nafukia makumbi ya nazi kwenye tope la mikokoni. Unayafukia, unayakandamiza kwa mawe, unayaacha miezi. Tope linakula nyama ya kumbi, linakuachia nyuzi za kusokotea kamba. Ukifukua kuchungulia, hewa imeingia, umeharibu. Binti zangu niliwachapa vidole kwa kuchungulia.

Msimu uliopita makumbi yangu yalitoka yananuka mafuta machafu ya mashine za boti. Mjukuu wangu, anayesoma chuo, akachota tope lile lile, akalitia kwenye chupa tatu pamoja na maji na mafuta, akaondoa hewa yote, akaziba kwa vizibo vya mpira. Akazipanga uvunguni mwa kitanda changu.

"Bibi, humu mna vidudu havionekani kwa macho. Havitaki hewa. Nataka kujua kama vinakula mafuta kama vinavyokula makumbi yako. Nimetia dawa: hewa ikiingia, maji yanageuka pinki. Usiguse. Ndiyo kazi yangu ya chuo hii."

"Unanifundisha tope mimi, mke mwenzangu?"

Chupa zikakaa miezi, kisha akaenda Mtwara siku tatu.

Siku ya kwanza tu jirani, msokota kamba mwenzangu, akaja kuazima rungu la kupondea makumbi. Akainama, akaziona chupa.

"Ndiyo elimu hiyo? Mtoto kasoma mpaka chuo, karudi kufuga tope uvunguni!"

"Tope hilo linakula mafuta."

"Nani kaliona likila?"

Damu ikanipanda. Nikaishika chupa ya tatu, nikakizungusha kizibo mpaka kikatoka. "Nusa basi!"

Akanusa, akarudi nyuma kwa uvundo wa mayai viza. Mimi sikumtazama. Nilikuwa natazama maji. Yalianza kugeuka juu, kwenye shingo ya chupa, pinki kama ufizi wa mtoto, kisha rangi ikashuka taratibu. Nikakishindilia kizibo. Pinki ikabaki pale pale.

"Nenda kwako," nikamwambia. Hata rungu hakuchukua.

Siku nzima nilikuwa napiga magoti uvunguni, natazama, nainuka, narudi. Kesho yake mchana pinki ikawa imekwisha. Tope limeimeza ile hewa lenyewe. Chupa tatu, zote sawa. Nikinyamaza, nani atajua?

Mjukuu akarudi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chupa ya tatu nimeifungua."

Hakuweka mkoba chini. "Kwa nini?"

"Jirani alikucheka."

"Pinki ilitoka?"

"Ilitoka, ikaondoka."

"Ungenyamaza ningeihesabu pamoja na zile mbili."

"Najua."

Akakaa kitandani, akaigeuzageuza chupa ya tatu, mpaka nikatamani anifokee. Halafu akatoa kalamu, akaandika kwenye chupa. Nikasoma herufi moja moja: IMEFUNGULIWA.

"Mbona hukuandika na nani?"

"Kwani wewe humjui?" Akavua viatu. "Kesho maji yakipwa twende tukachote tope jingine. Chupa mbili hazitoshi. Naanza upya, miezi yote."

"Nitakuchagulia mahali pazuri."

"Utabeba ndoo tu, Bibi."