Vidole vya Salfa

Mpuliza salfa wa Mpapura alijiona jasusi hodari. Tangu Mwalimu Veronika, mke wa mtu, amwambie kwamba mapenzi yao ya kujificha yamekwisha, alimfuatilia kwa siri kubwa sana: kikohozi kikitangulia, mzula umeshuka hadi kwenye nyusi na jua la saa saba linawaka, na ule unga wa manjano anaopulizia mikorosho ukibaki kila alipogusa. Ulibaki kwenye geti la shule. Ulibaki hata kwenye benchi la kanisa, asikosali. "Nilikuwa napita tu, mwalimu," alisema kila alipoonekana. Veronika alifuta vumbi, akacheka. Jumamosi, akitandika kitanda katika chumba alichokuwa amekifunga mwenyewe kwa ufunguo, alikuta alama ya kiganja kizima ya ule unga wa manjano katikati ya mto wa mumewe.