Bango Lililofanana na Matanga

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nikiona karatasi imebandikwa ukutani. Mjukuu wangu Cheptoo alikuja nyumbani na bango lake la kwanza. Bendi ya Kibet, kijana mwimbaji, ilikuwa inatoa albamu, ingewapigia watu mjini Litein Jumamosi ya wiki iliyofuata, na Cheptoo ndiye aliyepewa kazi ya kuchora jalada na mabango. Watu wasipokuja, hakuna bendi nyingine ambayo ingemwita. Alilijua hilo, akalifungua bango mbele yangu.

Mimi nilisoma hadi darasa la pili tu. Herufi kwangu ni kama ng'ombe wa jirani: nawaona, majina yao siyajui. Basi nikaangalia picha. Uso wa Kibet katikati ya mawingu, maua kando, rangi ya zambarau pembeni.

"Huyu amekufa lini?" nikauliza.

"Kogo, ni mimi," Kibet akasema kutoka kwenye kiti. Kogo ni nyanya, kwetu. "Niko hapa nakunywa chai yako."

"Kunywa basi. Lakini hiyo ni karatasi ya matanga."

Kibet alikataa. Mawingu aliyaomba mwenyewe, eti yana heshima. Cheptoo hakubishana. Alikunja bango, akasema, "Kogo ni mmoja. Twende tuulize wengine."

Tukashuka watatu hadi kituo cha kupimia majani chai. Mama wa kwanza akatua kikapu, akaangalia, akashika shavu.

"Poleni. Ameacha watoto?"

Kibet, aliyesimama nyuma yake, akavua kofia akajikuna kichwa.

Hapo ndipo nilipomheshimu Cheptoo. Mimi nikiwa na umri wake nilipamba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa harusi ya dada yangu, shanga juu hadi chini. Nyanya yangu akanionya, "Ni kizuri, lakini hakishikiki." Nikanuna, nikakipeleka vile vile. Maziwa yakamwagikia mapaja ya baba mkwe wa dada, ukoo mzima ukiangalia. Cheptoo hakununa. Alimuuliza yule mama, "Ungetaka kuona nini ndio uje?"

"Mtu anayecheza," mama akajibu. "Mawingu ninayo ya kutosha."

Kesho yake Cheptoo akawapiga picha wanabendi wakifanya mazoezi kando ya boma la ng'ombe. Mpiga ngoma mdomo wazi, pengo nje, mguu hewani. Rangi nyekundu ya kuita. Jina la bendi nene kama mkate. Na akili yake hii hapa: picha ile ile akaiweka kwenye jalada, ili aliyeona bango ukutani huko Sosiot aitambue albamu dukani Litein.

Jumamosi hiyo uwanja ulijaa hadi watu wakasimama juu ya ua. Kibet aliimba huku akimwonyesha Cheptoo kwa kidole. Mimi nilicheza, na magoti yalinilaumu wiki nzima.

Wanasema kizuri chajiuza. Si kila siku, mwanangu. Wimbo mtamu ukivishwa sanda, watu watapita wakitoa pole.

Kwa hiyo nisikie. Kazi unayowafanyia watu, wapelekee waione kabla hujaipenda sana, maana nyani haoni kundule. Ukiambiwa ina kasoro, usikague uso wa anayekuambia, ikague kazi. Kisha muulize yeye angetaka nini, na umsikilize.

Macho yako yasichoke, mkono wako uwe mwepesi, na kila utakachokivika nguo kipate wa kukicheza.