Kuku Wangu Kwenye Kundi la Kuzikana

Chekeni tu, jamani, mimi mwenyewe sasa hivi nacheka mpaka mbavu zinauma, ila siku ile nilitamani ardhi ya kijijini kwetu Umwe ipasuke inimeze, nizame na aibu yangu yote.

Balaa lilianzia kwenye jina. Bi Tatu, jirani yetu, alinipa kuku nilipotoka kuugua, eti nichinjiwe ninywe supu, nami nikagoma, kuku mzuri vile unamlaje? Nikamfuga. Na kwa kuwa alitembea kama huyo huyo aliyemtoa (anajitikisa, anasimama, anakagua uwanja wa watu), nikamwita Bi Tatu. Nyumbani wote wakazoea. Mwenyewe hakuambiwa, nani anataka kufa?

Sasa Jumamosi moja mchana kicheche kamdaka nyuma ya jiko. Nikamvurumishia mwiko, akamwachia, lakini ngozi ya mgongoni ilikuwa imechanika na damu inachuruzika. Mjomba akatokea na kisu tayari mkononi.

"Mlete tumuwahi! Akijifia ni kibudu, tutamtupa bure!"

"Mjomba, huyu anapona."

"Umekuwa daktari lini? Kidato cha pili wewe!"

Nikamkumbatia kuku wangu, nikamwomba mjomba anipe mpaka alasiri tu. Akakubali, ila kisu hakukiweka chini. Ndani hatukuwa na dawa yoyote, basi nikachukua simu ya mama nimwombe shangazi msaada, nikarekodi sauti mbio mbio: "Bi Tatu kaumia vibaya mgongoni, damu haikati, leteni asali na kitambaa safi, haraka, mjomba anasema hafiki alasiri!" Na nyuma yangu mjomba anasikika vizuri kabisa: "Niachie nimmalize, anateseka!"

Nikatuma. Sikutazama nimetuma wapi. Kumbe nimetuma kwenye kundi la kuzikana la kitongoji kizima.

Aisee! Maji niliyoyainjika hata moto hayajapata, wanawake wameshajaa uani, kanga viunoni, mmoja keshaanza kulia, mzee mmoja anauliza kama ndugu wa Bi Tatu walioko Utete wamepewa habari, na mwenyekiti wa kitongoji kamshika mjomba mkono, ule wenye kisu. Mjomba anajitetea: "Mimi nilitaka kumchinja tu!" (Na yeye naye, hayo ndiyo maneno ya kusema?)

Katikati ya zogo akaingia Bi Tatu mwenyewe, anahema, mkeka kichwani. Hana simu, kaona watu wanakimbilia kwetu, naye kaja kusaidia msiba.

"Poleni, jamani. Kafa nani?"

Yule aliyekuwa analia akajibu, "Wewe."

Macho yote yakanigeukia mimi, nimesimama mlangoni na kuku ndani ya kanga ya mama. Ikabidi niseme. Nikasema yote, mpaka ile habari ya kujitikisa, sijui nilitumwa na nani. Watu wakaangua kicheko. Bi Tatu hakucheka. Alinitazama, akamtazama kuku, akamgeukia mjomba.

"Kuku huyu anaitwa Bi Tatu?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Haya, mchinje tukuone."

Mjomba akakabidhi kisu kwa mwenyekiti bila kuombwa.

Basi waliokuja kuzika wakageuka wauguzi. Mmoja kaosha jeraha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mwingine kakimbia kwake kaleta asali ya Ngarambe tukampaka, na Bi Tatu akaamuru mgonjwa alale ndani peke yake, chini ya tenga, maana kuku wenzake wakiona damu watamdonoa, na nzi wakitua wataacha mabuu. Kila asubuhi kabla ya shule nilimsafisha na kumbadilishia maji ya kunywa. Kila jioni Bi Tatu alipita kukagua kidonda na kunitukana mimi.

Kapona. Manyoya yameota upya, japo kidogo yamekaa kombo. Nami nawashukuru watu wale mpaka leo, maana waliacha vyungu motoni kwa ajili ya mtu, walipokuta ni kuku hawakuondoka. Mungu awalipe. Nimeapa kwamba sitatuma sauti tena kabla sijaisikiliza na kutazama inakwenda kwa nani.

Nilitaka pia kumbadilisha kuku jina, kwa heshima tu. Bi Tatu akanikatalia.

"Mwache na jina lake hilo hilo. Ukimpa jingine, siku mjomba wako akishika kisu nani atamtetea?"