Ufunguo Tuliotengeneza Bila Yeye

Dada aliyenifundisha kazi alikuwa hapendi mifano. Siku ya kwanza aliponieleza kwa nini tunatia sahihi kumbukumbu za majina ya mtandao, nilidakia, "Kumbe ni kama kufuli la mlango." Akanikazia macho.

"Si kufuli. Sikiliza jambo lenyewe."

Akaeleza taratibu. Mtu akiandika jina la zahanati kwenye simu, simu inauliza jina hilo liko kwenye kompyuta ipi. Hapo katikati tapeli anaweza kuwahi kujibu uongo, akampeleka mtu kwake. Kwa hiyo tunatengeneza funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Ule wa siri unatia sahihi majibu yetu, na ule wa wazi anaupata yeyote anayetaka kuhakiki kwamba sahihi ni yetu kweli. Jibu ambalo sahihi yake hailingani na ufunguo huo linatupwa.

"Umeelewa bila kufuli?" akauliza. Nikacheka, naye akacheka.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, Mwanza mjini, na tulikuwa watatu tu: bosi, yeye na mimi. Hakuwa dada yangu wa damu. Alinizidi miaka kumi na kitu, akaniita mdogo wangu, basi ikawa hivyo. Aliishi Ilemela na mama yake, ingawa kwao hasa ni karibu na Bujora.

Ufunguo wetu mkuu wa siri aliutunza kwenye flashi iliyokaa ndani ya sefu, na flashi yenyewe ilifunguka kwa maneno sita aliyoyatunga mwenyewe. Bosi alitaka yaandikwe kwenye karatasi. Yeye akakataa, alitaka yakae vichwani mwa watu wawili. Mtu wa pili nilipaswa kuwa mimi.

"Ijumaa baki kidogo nikufundishe," aliniambia. "Nikigongwa na bodaboda je?"

Nikasema mtoto ananisubiri Mkolani. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa. Siku ufunguo ukivuja, nilitaka pawe na mtu mmoja tu wa kuulizwa, na asiwe mimi. Aliponikumbusha tena nikajibu, "Wiki ijayo, dada." Hakunikumbusha mara ya tatu.

Alianguka Jumanne asubuhi akifua uani kwao. Mama yake alisikia beseni likipinduka, akatoka, akamkuta chini, mdomo umekwenda upande. Madaktari walisema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yalikuwa yamekwenda. Alikuelewa ukisema, yeye kusema ndiyo hakuweza.

Nami nilikuwa bado kwenye huzuni hiyo bosi aliponiita na kunionyesha kalenda. Sahihi ya ufunguo mkuu ina mwisho wake, na wa kwetu ulikuwa umebakiza siku tisa. Ukifika kabla hatujaihuisha, shule, zahanati na vikundi vya wavuvi vilivyokuwa chini ya jina letu vingetoweka mtandaoni kwa watu wengi.

"Nenda kamwone," bosi akasema. "Wewe ndiye uliyezoeana naye."

Nilipanda njia ya mawe kwenda kwao Ilemela, na kompyuta mgongoni, flashi mfukoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo kaamka vizuri, kaimba."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwamba binti yake hawezi hata kuomba maji, lakini ukimwanzishia wimbo wa kanisani anaumaliza ubeti wote, na maneno yake. Badala ya kufurahi na yule mama, mimi nikawaza maneno sita.

Dada alikuwa ameegemezwa mito kitandani. Niliweka kompyuta juu ya kigoda, nikamfungulia ukurasa mtupu.

"Dada, ni ule ufunguo. Unayakumbuka maneno?"

Uso ukamchangamka. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua mdomo, ikatoka "ta, ta" basi. Nikamsogezea kompyuta. Kwa mkono wa kushoto akaandika *jiwe*, safi kabisa. Baada ya hapo zikafuata herufi zisizo na mpangilio, k nyingi na m. Aliziangalia, akajua si zenyewe. Akafuta, akaanza tena. *Jiwe*, halafu k, k, m.

"Mwanangu, amechoka," mama yake akasema kutoka mlangoni.

"Mara moja tu, mama."

Maneno hayo nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu siku ile. Alijaribu hiyo mara moja tu. Machozi yakamdondoka juu ya vitufe, akaendelea kubonyeza, kisha akaisukuma kompyuta kwa mkono wake mzima, nikaidaka ikianguka. Akageukia ukutani. Mama yake akaja kumfunika shuka, wala hakunitazama.

Kesho yake nililifungua daftari lake ofisini. Alikuwa ameandika ukurasa mzima kwa ajili ya siku kama hiyo, kwa mwandiko wake wa kulala: ufunguo mkuu ukipotea, fanya hivi. Tengeneza jozi mpya. Peleka muhtasari wa ule wa wazi, yaani alama fupi ya kuutambua, kwa wasajili wa majina Dar es Salaam, waweke kando ya ule wa zamani. Subiri hadi mtandao mzima uwe umeuona. Ndipo uanze kutia sahihi kwa mpya, na uombe wa zamani uondolewe.

Niliandika amri, nikabonyeza. Funguo zikatokea hapo hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo refu zaidi. Maneno mapya tuliyakariri wawili, bosi na mimi, mlango umefungwa, kama alivyotaka yeye.

Siku ya saba tukahamia kwenye ufunguo mpya. Kila kitu kilifanya kazi. Bosi alipiga makofi mara moja. Hakuna mteja aliyejua kulikuwa na tatizo.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa barazani kwenye mkeka, anaota jua.

"Dada, tumetengeneza mwingine. Tulifuata daftari lako."

Akanipigapiga kiganja kwa ule mkono wa kushoto. Nilitaka kumwomba msamaha kwa zile Ijumaa mbili. Sikuomba. Niliogopa kumwona akihangaika kutafuta neno la kunijibu.

Kiharusi cha pili kilimchukua kabla ya mvua. Tulimzika kwao, karibu na Bujora. Watu walipoanza kutawanyika mama yake alinivuta pembeni.

"Mwanangu, miaka yote hiyo yule alikuwa anafanya kazi gani hasa?"

Nikamwambia kwamba mtu akitafuta zahanati kwenye simu, binti yake ndiye alikuwa anahakikisha amefika zahanati kweli, si kwa mwongo.

Akafikiri. "Basi ni kazi njema," akasema. "Mimi nilikuwa namwambia aache kukodolea kioo, atafute kazi inayoonekana."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda kukaa na wanawake wenzake.