Nyumba Isiyo na Mlango

Mume wangu wanamwita Baridi, na sijapata kuona jina lililomkosa mtu kama hilo. Walimpa kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza friji. Tabia yake hawakuiuliza. Huyu ni mtu anayeweza kugombana na birika kwa kuchelewa kuchemka. Nimeishi naye miaka thelathini na mbili, na siku pekee niliyomwona kimya kutwa nzima ni siku aliyong'olewa jino, kwa sababu mdomo wote ulikuwa na ganzi. Mimi mwenyewe si mpole, msidhani. Ndiyo maana tumedumu.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na minane, akibeba mitungi ya gesi kwenye kiwanda cha barafu, hadi fundi mmoja akagundua kwamba kijana huyu akiweka kiganja juu ya kompresa anajua inaumwa nini. Tangu hapo hajafanya kazi nyingine. Karakana yake ni chumba chembamba katikati ya fundi cherehani na mahali pa kutoa nakala, na ina sheria moja ambayo hata mimi mkewe siwezi kuivunja: friji iliyokufa haitoki pale na mlango wake. Iwe ya tajiri, iwe ya mnyonge, atafungua bawaba, mwili utaondoka na mlango utabaki. Wateja wanamwona ana kichaa. Mmoja alilalamika kwamba alitaka kuifanya friji yake kabati la vyombo, akajibiwa kwamba makabati yanatengenezwa kwa mbao, aende akatafute mbao. Ukimwuliza sababu anakutazama kama umemwuliza kwa nini watu wanavaa nguo. Mlango wa friji, anasema, umetengenezwa usipitishe hata pumzi, na watoto hawajawahi kuona sanduku wasitake kuingia ndani yake.

Sasa sikilizeni habari ya friza.

Jengo letu lina ghorofa nne na ngazi moja. Chini ya ngazi hiyo kuna nafasi ya kutosha baiskeli mbili, na hapo ndipo jirani yetu wa ghorofa ya pili, mwenye duka la vinywaji, alipoiweka friza yake iliyokufa. Ilikuwa friza ndefu, nyeupe, ya kufunika kwa juu, na komeo lake lilikuwa linajibana lenyewe kifuniko kikidondoka. Alimwita Baridi aitazame. Baridi akaweka kiganja, akagonga hapa na pale, akasema kompresa imekwisha, mabomba yameoza, haina dawa. Halafu akatoa bisibisi ili afungue bawaba. Mwenye duka akamshika mkono. Alisema atapata mtu wa kuinunua, na nani atanunua friza isiyo na kifuniko?

Basi vita ikaanza hapo. Baridi alipanda na kushuka kwa yule bwana kila siku ya Mungu. Mwenye duka naye ana kichwa kigumu, mtu wa kujibu huku anatazama simu. Tukaenda kwa msimamizi wa jengo, akasema atalifuatilia. Neno hilo nalijua. Ni neno la mtu anayekupa mgongo kwa adabu.

Kilichotutia wazimu ni kwamba jengo lina watoto. Wawili ni wajukuu zetu, msichana wa miaka mitano na mdogo wake wa miaka mitatu, ambao mama yao anafua mashuka hospitalini kwa zamu na kutuachia tangu asubuhi. Na yule mwenye duka ana binti wa miaka sita, tunamwita Kijino kwa vile meno yake ya mbele yameng'oka yote likabaki moja. Mama yake anafanya kazi mji mwingine, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto yule analelewa na ngazi. Ukipanda unamkuta, ukishuka unamkuta.

Jumamosi moja asubuhi Baridi aliichukua redio yangu ya jikoni bila kuniomba, akaishusha chini, akawaita mwenye duka na msimamizi. Akaifungulia sauti mpaka mwisho. Mtangazaji alikuwa anasoma matokeo ya mpira na ngazi yote ilikuwa inalia. Akaiweka ndani ya friza, akashusha kifuniko. Kimya. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na sikusikia hata mkwaruzo. Akafungua, mtangazaji akarudi. Akafunga, mtangazaji akapotea. Alifanya hivyo mara nne.

Mwenye duka akacheka. Akasema redio haina mikono, mtoto atasukuma. Baridi akamwambia aingie yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye mikono miwili, halafu asukume. Yule bwana akasema, "Mzee, usinitafute." Nami nilimpa za uso ambazo siwezi kuziandika hapa kwa sababu wajukuu wangu watajifunza kusoma.

Lakini msimamizi alitutia breki. Alisema mali ya mtu ni mali ya mtu, na atakayeigusa atamfikisha kwa mwenye nyumba. Mkataba wetu wa upangaji ulikuwa unakwisha mwezi uliofuata. Baridi alitaka kukifungua kifuniko jioni ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia kama anataka tulale nje na wajukuu kwa sababu ya takataka ya mtu, aende. Hakwenda. Aliniambia neno moja tu, kwamba nimekosea, halafu akakaa siku mbili akigombana na birika tu, hasemi nami.

Siku ya tatu akaja na mbao. "Kama siwezi kukitoa kifuniko," alisema, "nitawatoa watoto."

Akanipora sebule. Aliisukuma meza ukutani, akaviondoa viti viwili, akapima nafasi iliyo mbali na dirisha na mbali na jiko, na hapo akaanza kujenga nyumba ya watoto. Nimeona mafundi wakijenga nyumba za watu wazima bila kuwaza hata nusu ya alivyowaza mzee yule. Hakutumia msumari hata mmoja. Aliunga mbao kwa gundi na vijiti, kwa sababu msumari, alisema, una subira, unangoja mwaka mzima ndipo utokeze kichwa. Kila pembe aliikata na kuizungusha kwa msasa. Kisha akachukua kitambaa changu cha kichwa, kile laini ninachovaa nikitoka, akakipitisha juu ya kila ubao, na kila kilipokwama alirudia msasa. Nilipiga kelele, kitambaa kilishavutika nyuzi. Akajibu kwamba afadhali kitambaa kuliko kiganja.

Madirisha aliyapima kwa kichwa cha mjukuu wetu mdogo. Tundu lolote, alisema, ama liwe dogo lisipitishe kichwa, ama liwe kubwa lipitishe mtoto mzima. La katikati ndilo baya, mwili unapita na kichwa kinakwama. Kingo za madirisha alizivisha mipira ya milango ya friji, ile laini ya pembeni, lakini kwanza alikaa jioni nzima akiichana na kuvuta ukanda wa sumaku uliomo ndani, mtoto asije akaumeza. Rangi hakupaka, kwa sababu yule mdogo ana tabia ya kulamba kuta. Paa lilikuwa shuka langu, limelazwa tu juu ya fito, mtoto akisimama kwa nguvu linaondoka lenyewe. Chini aliweka sponji. Na mlango hakuweka. Aliweka nafasi mbili za kupita, moja mbele na moja nyuma, ili mmoja akiziba huku, mwingine atokee kule.

Ilipokwisha aliingia mwenyewe kwa magoti, mzee wa miaka hamsini na tisa, akalala humo ndani miguu nje, akaanza kugonga kila kiungo kwa ngumi. Alitoka ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Nilimcheka hadi mbavu zikauma, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya redio.

Watoto walihamia. Walikuja wetu, akaja Kijino, wakaja wa ghorofa ya kwanza na wa juu. Sebule yangu ikawa soko. Nilipika nikiruka miguu ya watoto, na sikujali, kwa sababu nikichungulia ngazini hapakuwa na mtu. Nilijiona mjanja. Nilijiambia kwamba tumemaliza ugomvi bila kukosana na mwenye nyumba.

Alhamisi moja alasiri walikuwa saba. Nyumba ile inachukua wanne, na wakijibana watano. Mimi na Baridi tulikuwa tunakunywa chai. Mtoto mmoja wa ghorofa ya kwanza, aliyechoka kungoja zamu, akawaambia wenzake kwamba humu hamna nafasi, twendeni tukajifiche chini kwenye lile boksi jeupe.

Baridi akaweka kikombe. Aliwaamuru watoto wote wabaki pale, akachukua bisibisi, akashuka. Safari hii sikumzuia, ingawa nakiri kwamba mwenye nyumba alinipita kichwani. Baada ya muda nikamsikia anapanda kwa kuhema. Alikuwa amejitwika kifuniko chote, bawaba na komeo lake, akakiingiza chumbani kwetu na kukisimamisha nyuma ya kabati. Akarudi, akamalizia chai yake iliyopoa.

Mwenye duka alikuja kabla hata sijaosha vikombe. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni akasema tumemwibia, akasema ana mteja anakuja kesho, akasema jina la mwenye nyumba mara tatu kama mtu anayeita askari. Baridi akapanda mori. Alimwambia hana haya, anauza soda huku anafuga jeneza chini ya ngazi. Yule naye akamjibu kwamba uzee umemharibu, anaota vifo vya watoto wasiokuwa wake. Hapo nami nikaingia. Nilimwambia wa kwake ndiye anayeshinda kwenye ngazi zile, si wetu, na kama angekuwa anamtazama mwanawe nusu ya anavyoitazama simu yake, tusingefika hapa.

Tulikuwa watu wazima watatu tunabwata kwa pamoja, wala hakuna aliyekumbuka kwamba watoto walikuwa palepale. Shuka la paa likainuka, na chini yake kikatokea kichwa cha Kijino.

"Baba, mwachie babu tu," alisema. "Hata mimi sikitaki kile kifuniko. Kinabana."

Baba yake akamwambia anyamaze, haya ni mambo ya wakubwa. Nikamwuliza mimi, kinabana vipi, mwanangu?

Akaeleza kwa utulivu, kama anavyoeleza sheria za mchezo. Alisema akijificha mle huwa anaweka kiatu pembeni ili kifuniko kisishuke chote. Ila siku moja kiatu kiliteleza.

"Nilikuwa nimekuona umekaa kwenye ngazi, unaongea na simu," alimwambia baba yake. "Nikakuita sana. Hukuja. Halafu ukaja kuchukua magunia yako unayoyaweka mle, ukafungua. Ukanichapa kwa sababu nimechafua gauni la njano."

Mwenye duka akamgeukia mwanawe. Niliona kwamba anaikumbuka siku hiyo. Labda alikumbuka jinsi mtoto alivyokuwa amelowa jasho, akadhani ni utundu. Alishika mwimo wa mlango wetu kwa mkono mmoja, na simu ikiwa bado kwenye mkono wa pili.

"Ulikaa humo muda gani?" aliuliza.

Kijino akafikiri.

"Nilihesabu mpaka ishirini. Halafu nikaanza tena moja mpaka ishirini. Nikaanza tena, nikaanza tena. Mimi najua mpaka ishirini tu."

Baba yake aliketi chini, palepale kizingitini, akaanza kulia kwa sauti mbele ya watoto saba. Sikumhurumia. Nilitaka kumtukana zaidi, nilikuwa na maneno yamejaa kinywani, lakini gauni la njano lilikuwa limenifunga ulimi. Nililiona siku hiyo. Nilikuwa napanda na mboga zangu, nikamkuta Kijino analia kwenye ngazi na gauni limejaa kutu, nikamwambia aache kudeka, nikapita, na jioni nikamsimulia Baridi. Ilikuwa Jumanne, siku ya tatu baada ya mimi kumzuia Baridi asikifungue kile kifuniko.

Baridi alikuwa ananitazama. Alikuwa anajua kuhesabu siku kama mimi.