Pole Niliyojifunza Jikoni

Mimi ni mpokea wageni katika hoteli moja hapa mtaa wa Al Sadd, ughaibuni. Kijapani nilifundishwa na mpishi wetu Kenji, mtu wa Osaka. Mtu akipatwa na jambo jikoni, Kenji humwambia, "Shaanai na." Nikajua hiyo ndiyo pole.

Juzi mgeni wetu, mama kutoka Tokyo, alirudi kutoka hospitalini peke yake. Mumewe alikuwa amefariki. Nikainama, mkono kifuani, nikamwambia, "Shaanai na."

Akanikodolea macho. Kenji, aliyekuwa akimletea chai, akamwinamia sana, kisha akaninong'oneza:

"Achieng', umemwambia, 'Ndiyo hivyo, utafanyaje?' Tena kwa lahaja yetu ya Osaka, ya mizaha."

Mama alikuwa bado amesimama mbele yangu, akingoja ufunguo wa chumba chao.